NCHI MBILI ZIUNGANAPO: SOMO LA MUUNGANO KWA JAMAA ZETU



Msafiri apandaye uwanda wa juu wa Makonde na kufika Newala, akisogea hadi ukingoni mwa mwinuko, huona chini yake bonde kubwa la mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto huiona nchi ya Msumbiji. Kimakonde kisemwacho huku ndicho kisemwacho na kule. Wako watu wa ukoo mmoja, wengine wakilima upande huu na wengine upande ule. Hata hivyo mwenye kuvuka mto huo huulizwa hati ya safari, maana ameingia katika dola nyingine. Lakini mtu wa Masasi aendaye Unguja, safari ndefu ya gari na meli, hukuta huko fedha ileile, jeshi lilelile na Rais wa Jamhuri yuleyule.

Imekuwaje basi kwamba ng'ambo ya mto, waliko ndugu, ni ugenini, na ng'ambo ya bahari ni nchini mwetu? Swali hili tuliulizwa na mzee mmoja wa Newala. Naye hakukomea hapo, akaongeza la pili lililo gumu zaidi: "Je, Baba, Muungano huo ulipofungwa, sisi tuliulizwa?" Tuliahidi kumjibu kwa maandishi. Na kwa kuwa swali lake si la Newala peke yake, twamjibu leo mbele ya wasomaji wote, tukiwaomba akina baba na akina mama walisome somo hili pamoja na vijana wao.

I. KALAMU ZILIZOTUTENGA

Kabla ya kueleza nchi huunganaje, yafaa tukumbuke zilitengwaje. Kwa wazee wetu mto Ruvuma haukuwa mpaka wa dola. Ulikuwa mahali pa kuvua samaki na pa kuvuka kwa mitumbwi kwenda kuwaona jamaa. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walipatana huko Ulaya kwamba mto huo uwe mpaka wa makoloni yao. Hakuna Mmakonde, Mmakua wala Myao aliyeitwa kutoa neno.

Mwaka huohuo Wajerumani na Waingereza waliandikiana mapatano mengine. Sultani wa Zanzibar akaachiwa visiwa vyake na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, nazo nchi za bara zikagawanywa kati ya wakubwa hao wawili. Kufika mwaka 1890, pwani yetu, pamoja na Lindi na Mikindani, ilikuwa imekwisha kuwa ya Wajerumani, na Zanzibar ikawekwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Kalamu za namna moja, basi, zilimtenga Mmakonde wa Newala na ndugu yake wa Mueda, zikaitenga na pwani ya kusini na visiwa.

Wala uhusiano wa kusini na Unguja haukuwa mdogo. Watu wengi wa nchi hizi walipelekwa visiwani wakiwa wamefungwa minyororo ya utumwa. Na wako waliorudi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana alitoka Unguja akiongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani, akawapa makazi Masasi. Hivyo historia ya Masasi na historia ya Unguja zilikuwa zimekwisha kugusana karibu miaka 90 kabla ya kuwapo Jamhuri ya Muungano.

Lakini hapa ndipo lilipo somo la kwanza. Lugha moja na damu moja huandaa moyo wa umoja, ila hazitoshi kufanya dola moja. Mpaka uliowekwa kwa mkataba hauondoki ila kwa mkataba. Tanganyika na Msumbiji walisaidiana sana. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na kusini mwetu kukawa mlango wa wakimbizi na wa wapigania uhuru. Mwaka 2010 Daraja la Umoja lilifunguliwa pale Mtambaswala, katika nchi iliyokuwa zamani sehemu ya wilaya ya Masasi. Daraja hilo limeunganisha kingo mbili za mto. Halikuunganisha dola mbili, kwa sababu hakuna aliyeketi mezani kutafuta jambo hilo. Kwa Zanzibar waliketi.

II. MEZA ILIYOSHINDIKANA: NAIROBI, 1963

Muungano wa Tanganyika na Zanzibar haukuwa shauri la kwanza. Kwa muda mrefu Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa zikishirikiana reli, posta, forodha na shilingi moja. Mwaka 1960 Mwalimu Julius Nyerere alitamka kwamba Tanganyika ilikuwa tayari hata kuchelewesha uhuru wake ili nchi hizi zipate uhuru pamoja zikiwa shirikisho moja. Haikuwezekana. Tanganyika ikapata uhuru wake peke yake tarehe 9 Desemba 1961.

Tarehe 5 Juni 1963, viongozi watatu, Kenyatta, Obote na Nyerere, walitangaza Nairobi kwamba wameazimia kuunda shirikisho kabla ya mwaka kwisha. Furaha ilikuwa kubwa. Kisha wataalamu wakaketi kuandika, na hapo ndipo furaha ilipokutana na maswali. Nani atashika mambo ya nje? Nani atatoa uraia? Nani atakuwa na idhini ya kukopa ng'ambo? Makao makuu yawe wapi? Uganda, iliyokuwa na ufalme wa Buganda ndani yake, iliogopa kupoteza mengi. Mwaka ukaisha, shirikisho halikuzaliwa.

Tuangalie jambo hili kwa makini. Hapakuwa na mtu aliyesimama hadharani kuupinga umoja. Wote waliusifu. Waliafikiana katika nia, wasiafikiane katika orodha ya nani atashika nini. Na katika mapatano ya nchi, orodha ndiyo mapatano yenyewe.

Msomaji asidhani kwamba mambo kama uraia ni ya wanasheria tu. Wako Wamakonde waliotoka Msumbiji na Tanganyika wakaenda Kenya enzi za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Shirikisho halikuja, na wao wakabaki ugenini. Watoto wao na wajukuu wao waliishi Kenya miaka mingi pasipo kitambulisho cha raia, mpaka Serikali ya huko ilipowakubali mwaka 2016, baada ya kwenda kwa miguu hadi Nairobi kudai haki yao. Neno moja ambalo wakubwa hawakuafikiana, lawasumbua wadogo kwa vizazi vitatu.

III. SIKU CHACHE ZA APRILI 1964

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yakauondoa utawala wa Sultani. Wiki hiyohiyo haijatulia, tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika wakaasi Dar es Salaam, na Serikali ikalazimika kuomba msaada wa majeshi ya Waingereza. Tanganyika ilikuwa imekwisha kupeleka askari polisi Unguja kusaidia kuweka utulivu. Mataifa makubwa, yaliyokuwa yakishindana duniani kote, yalivitazama visiwa hivyo kwa tamaa na kwa hofu.

Katika hali hiyo Mwalimu Nyerere na Mzee Abeid Amani Karume walizungumza, na tarehe 22 Aprili 1964 wakatia sahihi Mapatano ya Muungano huko Unguja. Tarehe 25 Aprili Bunge la Tanganyika lilipitisha Sheria ya Muungano, Namba 22 ya mwaka 1964, katika kikao cha siku moja. Kesho yake, tarehe 26 Aprili, Jamhuri mpya ikazaliwa. Hivyo tangu sahihi mpaka kuzaliwa zilipita siku nne. Mwezi Oktoba mwaka huo ikapewa jina tulijualo, Tanzania.

Sababu zilikuwa nyingi, na si haki kutaja moja tu. Palikuwa na imani ya kweli ya umoja wa Afrika. Palikuwa na urafiki wa zamani kati ya TANU na Afro-Shirazi Party. Palikuwa na hofu ya usalama kwa pande zote mbili: Unguja iliogopa kurudi kwa waliopinduliwa na ugomvi wa ndani, na Tanganyika iliogopa kuwa na kisiwa chenye vita vya wakubwa mlangoni pake. Asemaye kwamba ulikuwa upendo mtupu hasemi yote, wala asemaye kwamba ulikuwa woga mtupu.

Mapatano yalikuwa mafupi, nayo yaliorodhesha mambo 11 yatakayokuwa ya Muungano: Katiba na Serikali ya Jamhuri; mambo ya nje; ulinzi; polisi; hali ya hatari; uraia; uhamiaji; mikopo na biashara ya nje; utumishi katika Serikali ya Muungano; kodi ya mapato pamoja na ushuru; na mwisho bandari, usafiri wa anga, posta na simu. Mengine yote, kwa upande wa visiwa, yalibaki kwa Serikali ya Zanzibar. Rais wa Zanzibar akawa Makamu wa Rais wa Jamhuri.

Umbo lenyewe halikuwa la kawaida. Nchi zikiungana, mara nyingi hufanya moja kati ya mawili: ama zote zafa na kuwa serikali moja, ama zote zabaki na juu yake huwekwa serikali ya shirikisho, ya tatu. Sisi tulipata serikali mbili. Mwalimu alieleza baadaye kwamba serikali moja ingefanya Zanzibar ionekane imemezwa, na serikali tatu zingemtwika Mtanganyika gharama kubwa mno. Hesabu ya watu yaonyesha alichokuwa akikitazama. Hata katika sensa ya mwaka 2022 Tanzania Bara ilikuwa na watu 59,851,347, na Zanzibar watu 1,889,773, yaani zaidi ya watu 30 kwa mmoja. Kumkalisha mkubwa wa namna hiyo na mdogo wa namna hiyo katika nyumba moja, pasipo mkubwa kumlalia mdogo, ni kazi inayotaka akili.

IV. MJOMBA HAKUITWA

Sasa twalijibu swali la pili la mzee wetu: tuliulizwa? Jibu la kweli ni kwamba hatukuulizwa. Hapakupigwa kura ya wananchi, Bara wala Visiwani. Hati ya mapatano iliandikwa na wachache, mmoja wao akiwa Roland Brown, Mwingereza aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Tanganyika. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Wolfgang Dourado, alieleza baadaye kwamba yeye hakushirikishwa. Na hadi leo wanasheria hubishana kama Baraza la Mapinduzi la Zanzibar liliyathibitisha mapatano hayo kwa utaratibu uliotakiwa.

Kusini mwetu, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ni mtu mkubwa katika mambo ya ndoa. Binti akiposwa, mjomba huambiwa. Ikiwa ndoa imefungwa kwa haraka wakati mjomba yu safarini, ndoa hiyo haivunjiki kwa sababu hiyo pekee. Yaweza kuzaa watoto na kudumu. Lakini kila ugomvi utakapotokea, hata wa chungu kuungua, litasemwa lilelile: mjomba hakuitwa. Wazee wenye busara hawamjibu mjomba kwamba ndoa imekwisha, anyamaze. Humketisha, wakamsimulia yote, wakamsikiliza, na neno lake likapata mahali.

Muungano wetu ni ndoa ya namna hiyo, na mjomba ni wananchi. Tusimlaumu mno aliyefunga haraka, maana moto ulikuwa ukiwaka jirani. Lakini tusimkemee mjomba naye.

Ili tupime vema, tutazame wengine waliounganisha nchi zao.

Jirani zetu Wasomali waliungana kwa haraka kuliko sisi. Sehemu ya kaskazini, iliyotawaliwa na Waingereza, ilipata uhuru tarehe 26 Juni 1960, na tarehe 1 Julai ikaungana na ile ya kusini iliyokuwa chini ya Waitalia. Walikuwa watu wa lugha moja na dini moja, jambo ambalo wengi waliwaonea wivu. Lakini kila upande uliandaa hati yake ya muungano, na hati hizo hazikulingana. Mwaka uliofuata watu wa kaskazini wengi waliikataa katiba kwa kura au kwa kutokwenda kupiga kura, na Desemba 1961 maofisa wa jeshi wa kaskazini wakajaribu kuasi. Mwaka 1991, baada ya vita vibaya, kaskazini ikatangaza kujitenga. Wenye undugu wote duniani, ila waliacha karatasi zao zikigongana.

Kinyume chao ni makoloni 6 ya Waingereza huko Australia. Wajumbe wao, wengi wakiwa wamechaguliwa kwa kura, waliketi mwaka 1897 na 1898 kuandika katiba. Ikapelekwa kwa wapiga kura mwaka 1898. Katika koloni la New South Wales kura za kukubali zilizidi za kukataa, lakini hazikufikia kiwango kilichowekwa na sheria. Viongozi hawakusema "wengi wamekubali, tuendelee". Walirudi mezani, wakarekebisha, wakauliza tena mwaka 1899. Shirikisho likaanza tarehe 1 Januari 1901. Na ili wadogo wasimezwe, kila jimbo, kubwa kwa dogo, lilipewa viti sawa katika baraza la pili la Bunge. Hata hivyo nao walikuwa na mjomba wao ambaye hakuitwa: wenyeji wa asili wa nchi ile hawakuwa mezani, na katiba iliagiza wasitiwe katika hesabu ya watu, mpaka kifungu hicho kilipofutwa kwa kura ya mwaka 1967.

Twaona basi kwamba hakuna taifa lililofanya yote sawasawa. Lakini twaona pia kwamba wakati uliotumiwa mezani haupotei. Usipotumiwa kabla ya sahihi, utadaiwa baadaye, pamoja na faida yake.

V. DENI LILILODAIWA BAADAYE

Mapatano ya 1964 yalisema kwamba ndani ya mwaka mmoja liitwe Bunge la kutunga Katiba ya Jamhuri. Mwaka 1965 muda huo ukaongezwa, na Katiba ya kudumu haikupatikana mpaka mwaka 1977, baada ya TANU na Afro-Shirazi kuungana kuwa Chama cha Mapinduzi tarehe 5 Februari mwaka huo. Katika miaka hiyo orodha ya mambo 11 ilikuwa ikirefuka, hata ikafika mambo 22. Mengi yalikuwa na sababu zake. Fedha, kwa mfano, iliongezwa pale nchi za Afrika Mashariki zilipoacha shilingi ya pamoja. Lakini kila neno lililoongezwa lilikuwa kama kiungo kilichotolewa chungu kimoja kikatiwa kingine, na Wazanzibari wakauliza nani aliyekubali kwa niaba yao.

Malalamiko yakawa ya pande mbili. Wazanzibari wengine husema kwamba Tanganyika imevaa koti la Muungano, maana Serikali ileile ishikayo mambo ya Muungano ndiyo ishikayo mambo ya Bara. Nao watu wengine wa Bara huuliza Tanganyika yao imekwenda wapi, iwapo Zanzibar ina Rais wake, Baraza lake na bendera yake. Mwaka 1984 Rais Aboud Jumbe wa Zanzibar alijiuzulu baada ya kuleta shauri la serikali tatu. Mwaka 1993 wabunge 55 wa Bara walidai Serikali ya Tanganyika. Tangu uchaguzi wa mwaka 1995, Rais wa Zanzibar hawi tena Makamu wa Rais wa Jamhuri kwa cheo chake, na wengi Visiwani waliona kwamba nguzo moja ya mapatano ya awali imeng'olewa.

Tume zikaundwa, moja baada ya nyingine. Ya Jaji Nyalali, mwaka 1992, ilipendekeza serikali tatu. Ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza hivyohivyo mwaka 2013, na kuyapunguza mambo ya Muungano yawe 7. Bunge Maalumu la mwaka 2014 lilirudisha serikali mbili, huku wajumbe wengi wa upinzani wakiwa wametoka nje. Kura ya wananchi iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa. Mjomba alikuwa ameitwa, akavaa, akafika mlangoni, kikao kikaahirishwa.

Mtoto wa Masasi anaujua uzito wa mambo haya kuliko wengi wetu. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, aliyekuwa Rais wa Jamhuri tangu 1995 hadi 2005, alikuwa madarakani Januari 2001, watu walipopoteza maisha yao Visiwani katika maandamano baada ya uchaguzi. Tarehe 10 Oktoba mwaka huohuo vyama viwili vilivyokuwa vikigombana vilitia sahihi Muafaka. Na katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2019, alikiri kwamba vifo vile vilikuwa doa katika uongozi wake. Alifariki mwaka 2020, akazikwa Lupaso. Twaona ni jambo la heshima mtu kuungama kosa la namna hiyo. Lakini somo lake kwetu ni hili: meza ya Oktoba ingaliketiwa kabla ya Januari, jamaa kadhaa wasingalivaa nguo za msiba.

VI. GESI YA MTWARA NA HATI YA ZANZIBAR

Yafaa tuwaonyeshe wasomaji wa kusini kwamba mambo haya si ya Unguja peke yake. Mwaka 1968 mafuta na gesi asilia yaliongezwa katika orodha ya Muungano. Wazanzibari walilalamika kwa miaka mingi, na mwaka 2009 Baraza lao la Wawakilishi liliazimia kwamba jambo hilo liondolewe. Mazungumzo yakafanyika. Mwaka 2015 sheria ya Muungano iliipa Zanzibar nafasi ya kusimamia mafuta na gesi yake yenyewe, na mwaka 2016 Zanzibar ikatunga sheria yake.

Mwaka 2013 mkoa wa Mtwara nao, ambamo mna Masasi na Newala, ulilalamika juu ya gesi. Watu waliona bomba likipelekwa Dar es Salaam, wakauliza wao watabaki na nini. Ghasia zikazuka, mali ikateketea, na watu wakafa. Bomba likakamilika mwaka 2015.

Malalamiko hayo mawili ni ndugu. Yote ni ya mtu aliye mbali na meza, auonaye utajiri wa nyumbani kwake ukizungumzwa na wengine. Tofauti ni kwamba Zanzibar ilikuwa na hati ya kuonyesha, orodha ya kubishania na Baraza la kusemea. Mtwara haikuwa na hati ya namna hiyo. Hatusemi kwamba ghasia ni njia njema. Zimewaumiza zaidi walio maskini. Twasema kwamba pasipo mlango wa kusemea, watu hubomoa ukuta. Kwa hiyo mtu wa Newala ana sababu ya kuitetea haki ya Mzanzibari ya kusikilizwa, maana siku aitakapo yeye haki hiyo atahitaji kwamba iwe imekwisha kuwa desturi ya nchi.

Katiba yetu haikosi kabisa milango. Kwa mambo makubwa ya Muungano, mabadiliko yataka theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Hiyo ni kinga njema kwa mdogo. Tena Katiba yataja Mahakama Maalumu ya Katiba, ambayo nusu ya wajumbe wake huteuliwa na Serikali ya Muungano na nusu na Serikali ya Zanzibar, ili isuluhishe ubishi kati yao. Kuna na kamati ya serikali mbili ya kushughulikia zile ziitwazo kero za Muungano, na kero kadhaa zimekwisha kuondolewa kwa njia hiyo. Na mwaka 2021, Rais John Magufuli alipofariki, Samia Suluhu Hassan, Mzanzibari, alishika urais kwa mujibu wa Katiba, pasipo risasi wala ghasia. Mambo kama hayo hayapatikani katika kila muungano.

VII. YATUPASAYO

Basi twamjibu mzee wetu hivi. Baba, hukuulizwa mwaka 1964, na ni haki yako kusema hivyo. Lakini Muungano si jambo lililotendwa mara moja likaisha. Umekuwa ukipatanwa upya kila mwaka, katika Bunge, katika tume, katika kamati na hata katika misiba. Huko kupatana upya ndiko unakoweza kuulizwa, ukitaka, nasi yatupasa kutaka.

Kwanza, tuisome Katiba. Haifai Mtanzania ajue kwamba kuna kero asijue orodha ya mambo yanayobishaniwa.

Pili, tuache kuwaita wasaliti wale watakao serikali tatu, au moja, au mbili. Gazeti hili halina amri ya kuwachagulia wananchi umbo la serikali. Lakini twajua kwamba swali lililozuiwa mdomoni huhamia moyoni, na huko huota miiba.

Tatu, wenye mamlaka waimalize kazi iliyoahirishwa mwaka 2015, ili wananchi wa pande zote mbili waulizwe kwa njia iliyo wazi.

Nne, tutazame mbele. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977 ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, nayo sasa imekua hadi kufika Somalia, iliyojiunga mwaka 2024. Mkataba wake wataja shirikisho la kisiasa kuwa ndiyo shabaha ya mwisho. Huenda watoto wetu wakaombwa kuunganisha dola nyingi pamoja. Tukiwafundisha leo kuuliza nani aketi mezani, nini kitolewe na nini kibaki, mdogo alindwe vipi, na kosa lirekebishwe kwa njia gani, hawatafunga ndoa mjomba akiwa safarini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kwa nini Wamakonde wa pande mbili za Ruvuma hawako katika dola moja, ijapokuwa wana lugha moja?

2. Ni jambo gani lililowashinda viongozi wa Afrika Mashariki mwaka 1963: nia, au orodha?

3. Tajeni mambo matano kati ya yale 11 ya mwaka 1964. Je, katika kijiji chenu ni lipi mnalolihisi kila siku?

4. Ikiwa mkubwa ana watu 30 na mdogo ana mtu mmoja, je, ni haki kila jambo kuamuliwa kwa kuhesabu vichwa? Na je, ni haki mmoja kuwazuia 30 daima?

5. Katika ukoo wenu, neno lililosahauliwa wakati wa posa hurekebishwaje? Je, viongozi wetu waweza kujifunza nini kwa wazee wenu?